Ufundi wa Mtaa na Kiti cha Meya

Kwa sensa ya 2022, Manispaa ya Ubungo ina wakazi 1,086,912 katika kata 14, na Mabibo ni mojawapo ya kata hizo. Mkazi wa kawaida hapewi karatasi ya kumpigia kura meya. Anamchagua diwani wa kata yake, kisha madiwani wanakutana katika kikao chao cha kwanza na kumchagua meya miongoni mwao kwa kura ya siri. Ukiwajumlisha madiwani wa kata, wa viti maalumu na wabunge, wapiga kura wote wa umeya wanaenea katika ukumbi mdogo.

Kwa hiyo mwanaharakati wa Mabibo anayeutamani umeya hana mkutano wa hadhara wa kuuombea. Ana mtaa wake tu. Mtaa ukimkataa, safari yake imekwisha kabla hajauona mlango wa ukumbi ule. Ndiyo maana nikitaka kumpima mtu anayewania kiti hicho huwa sianzi na hotuba zake. Naanza na kazi aliyoifanya mtaani miaka mingi kabla jina lake halijabandikwa ukutani. Kazi hiyo ni ufundi kamili. Ina hatua zake na nidhamu yake, na ina watu waliobobea ndani yake bila kupewa cheti wala mshahara.

Mabibo ni mahali pazuri pa kuitazama. Kata hii imekaa upande wa kusini wa Barabara ya Morogoro, karibu na Barabara ya Mandela, na ina watu wa kila aina. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaoishi kwenye hosteli za Mabibo, na wengine wanaosoma Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Kuna wachuuzi na wapakuzi wa mikungu katika soko la ndizi, lile ambalo watu wengi wanaliita Mahakama ya Ndizi. Kuna mama lishe, madereva wa bodaboda, mafundi cherehani, wastaafu wenye nyumba za urithi na wapangaji wa chumba kimoja. Kuwafanya watu hawa wakubaliane juu ya mfereji mmoja ni kazi ngumu, na anayeiweza ameshafika mbali katika uongozi.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Ukikaa kwenye benchi la ofisi yoyote ya serikali ya mtaa asubuhi utajua shida za eneo zima kabla ya saa nne. Huyu amefuata barua ya utambulisho ya kupeleka benki. Yule anataka barua ya kumwekea ndugu yake dhamana. Mama mwingine amefungiwa chumba na mwenye nyumba kwa sababu ya kodi. Mzee analalamika kwamba maji machafu ya jirani yanapita mlangoni kwake. Mwenyekiti na mtendaji wanaandika, wanagonga muhuri, wanamwita anayefuata. Mwanaharakati hana muhuri. Anachoweza kutoa ni muda wake, na anautoa.

Mtazame mama mwenye uzoefu akifanya kazi hii. Anaanza na salamu na haikatishi. "Shikamoo mzee. Wa nyumbani hawajambo?" Akishapewa jibu lote ndipo anauliza habari ya maji. Tangu lini? Mvua za vuli au za masika? Nani mwingine yanamfikia? Nani alishaambiwa, na alijibu nini? Maswali haya manne yanafanya jambo kubwa. Mzee alikuja na ugomvi kati yake na jirani. Baada ya maswali inaonekana kwamba nyumba tisa au kumi zinapata shida hiyohiyo, kwamba mfereji umezibwa na taka mahali fulani kule juu, na kwamba taarifa ilishapelekwa lakini hakuna aliyeiandika. Ugomvi wa watu wawili umegeuka suala la mtaa. Wala hakuna aliyetukanwa, na jirani aliyekuja akilaumiwa sasa ni mmoja wa wadai haki.

Ufundi huu una chuo chake, nacho kiko hukohuko Mabibo. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulianzishwa mwaka 1993, na makao yake yako Mabibo, karibu na Chuo cha Usafirishaji. Kwa miaka mingi uwanja wake umekuwa na semina za jinsia na maendeleo za kila Jumatano, ambapo mama muuza mbogamboga anaweza kukaa safu moja na mhadhiri wa chuo kikuu wakaijadili bajeti ya Serikali. Wasomi kama Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena, na viongozi kama Mary Rusimbi, Usu Mallya na Lilian Liundi, waliijenga mila hiyo ya mazungumzo. Kutoka hapo vikaota vituo vya taarifa na maarifa katika kata mbalimbali, kama kile cha Kipunguni, ambavyo vinaendeshwa na wakazi wenyewe.

Njia inayofundishwa huko ni uraghbishi. Mraghbishi haji mtaani na jibu mfukoni. Anawauliza watu nini kinawasumbua, kwa nini, nani ananufaika hali ikibaki ilivyo, na wao wenyewe wanaweza kuanza na nini. Kisha anasubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi, kwa maana mtu aliyesoma huona ni uvivu kukaa kimya wakati jibu analo. Njia hii ina mizizi mirefu nchini. Kati ya mwaka 1975 na 1979 Marja-Liisa Swantz na wenzake waliendesha utafiti wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, na wanakijiji wakashiriki kuchunguza maisha yao badala ya kuchunguzwa tu. Mwanaharakati wa leo wa Mabibo anayemwacha mama aliyekaa nyuma kabisa amalize sentensi yake ni mrithi wa kazi hiyo, hata kama hajawahi kulisikia jina la Jipemoyo.

Hatua ya pili ni kuhesabu na kuandika. Malalamiko yasiyo na idadi huishia kwenye mazungumzo ya kijiweni. Mwanaharakati aliyeiva hutembea na daftari: nyumba ngapi zimeingiliwa na maji, choo gani kimefurika, watoto wangapi wanavuka daraja bovu kwenda shule. Dar es Salaam ililipa gharama kubwa kwa kutojua mambo haya. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ulipoanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walipita vichochoroni wakichora mifereji, njia, vyoo na majengo katika ramani huru ya dunia. Wanafunzi walijua vifaa, wakazi walijua maji yanapita wapi. Ramani iliyotoka hapo ilikuwa ushahidi ambao ofisi haikuweza kuusukuma pembeni kwa urahisi.

Kabla ya Ramani Huria kulikuwa na Hanna Nassif, mtaa wa Kinondoni uliokuwa ukizama kila masika. Katika miaka ya 1990 wakazi wake waliunda jumuiya yao, wakashirikiana na Jiji, wataalamu wa Chuo cha Ardhi na Shirika la Kazi Duniani, na wakaichimba mifereji kwa mikono yao kwa mkataba na malipo, wanawake kwa wanaume. Ninaupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha wazi matunda ya ufundi ninaousifu. Nguvu kazi ilikuwepo siku zote, na shida nayo ilikuwepo. Kilichokuwa kimekosekana ni watu wa kuviunganisha: wa kuwakutanisha wakazi, kuandika makubaliano, kusimamia fedha mbele ya macho ya wote, na kurudi tena baada ya ugomvi wa kwanza.

Hatua ya tatu ni kikao, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Mkutano wa mtaa una maadui wengi. Ukiitishwa saa nane mchana, mama lishe hawezi kuacha sufuria. Ukiitishwa usiku, wanawake wenye watoto wadogo hawatoki. Ukianza kwa hotuba ndefu ya mgeni rasmi, vijana wanaondoka. Wanaume watatu wenye sauti kubwa wanaweza kuumaliza wao peke yao. Mwanaharakati hujiandaa siku kadhaa kabla: anapita nyumba kwa nyumba, anawaomba wajumbe wa nyumba kumi wapeleke habari, anamwomba dada fulani aje alisimamie mbele za watu lile alilomwambia jikoni. Siku yenyewe utamwona amekaa katikati ya watu, si meza kuu. Akisikia hoja ya kweli imepita bila kuandikwa ananyoosha mkono: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba hilo liingie kwenye muhtasari."

Sentensi hiyo fupi ina nguvu kuliko kelele za saa nzima. Kilichoandikwa kwenye muhtasari kinasomwa kikao kijacho, na kilichosomwa kinadai jibu. Vivyo hivyo na taarifa ya mapato na matumizi. Wapo viongozi wanaoisoma haraka mwishoni, giza likianza kuingia. Fundi wa kikao anaomba isomwe mwanzoni, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Anaomba kwa adabu, bila kumshitaki mtu wizi, na anaomba kila mara mpaka inakuwa desturi.

Hatua ya nne ni bajeti, ambako harakati nyingi hufa kwa sababu ya kuchelewa. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Anayekwenda kulalamika Juni amekuta sahani zimeshaoshwa. Vipaumbele vya mtaa hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha halmashauri, na huko kote vina tarehe zake miezi mingi kabla ya Julai. Mwanaharakati anayejua kalenda hii hupeleka hoja ya mfereji ikiwa na idadi ya nyumba, picha, muhtasari uliosainiwa na makadirio ya gharama. TGNP na wenzake walipoanza katika miaka ya 1990 kudai bajeti yenye mtazamo wa kijinsia, walikuwa wakifundisha jambo hilihili kwa ngazi ya taifa: usiombe huruma, soma kitabu cha bajeti na uonyeshe mahali fedha ilipo.

Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilitiwa kwenye sheria mwaka 2018, ikasitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha mama wauza ndizi hakipati mkopo huo kwa kusikia tangazo redioni. Kinahitaji katiba ya kikundi, usajili, akaunti na andiko la biashara. Nyuma ya vikundi vingi vilivyofanikiwa utamkuta mtu mmoja aliyekaa nao jioni kadhaa akiwasaidia kujaza fomu. Sokoni nako kazi ni ileile. Shirika la Equality for Growth liliendesha kampeni ya Mpe Riziki Si Matusi katika masoko ya Dar es Salaam. Wafanyabiashara wenyewe wakawa wasaidizi wa kisheria, na kanuni zenye faini dhidi ya matusi na udhalilishaji zikawekwa. Soko lililotunga kanuni na kuzisimamia limeonja serikali ya kweli.

Baada ya miaka ya kazi hiyo, majirani wanaanza kusema: "Mama, chukua fomu." Hapo mwanaharakati anaingia njia nyembamba. Sheria yetu haimruhusu mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, iliamua tarehe 14 Juni 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki za raia, lakini hadi leo lazima mtu adhaminiwe na chama. Ndani ya chama kuna kura za maoni, kuna vikao vya uteuzi, na kuna wenye fedha. Hata nje ya chama njia si laini: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikachukua karibu mitaa yote. Kwa wanawake mlima ni mrefu zaidi. Baada ya uchaguzi wa 2015, takriban asilimia 5 tu ya madiwani wa kata walikuwa wanawake. Viti maalumu vimewaingiza wengi ukumbini, lakini kata yenyewe bado inamwendea mwanamume kwa mazoea.

Hata hivyo historia ya mji huu haimpi mwanamke sababu ya kujiona mgeni. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba, aliombwa kuwahamasisha wanawake wajiunge na TANU. Hakuwa na ofisi wala gari. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, akaongea nao kwa lugha yao, akapita mtaa kwa mtaa, na katika miezi michache maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam wakawa wanachama. Wanaume waliosoma walikuwa na hoja za uhuru. Yeye aliwajua watu kwa majina, na alijua nani akisema "twendeni" wengine watainuka. Ni ufundi uleule wa mtaani, na ulisaidia kuleta uhuru.

Na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam alikuwa nani? Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliyeshika kiti hicho mwaka 1960. Alikuwa malenga aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954 pamoja na diwani yake ya mashairi. Mtu aliyezoea kupima mizani na vina, na kusikiliza beti za wenzake ili ajibu kwa hoja, alikuwa ameshajizoeza nidhamu ambayo kikao cha halmashauri kinaihitaji. Naona fahari kwamba kiti hiki kilianza na mtu wa maneno yaliyopimwa.

Tangu hapo kiti kimepita misukosuko. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996 na Tume ya Jiji ikaongoza hadi 2000, zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Tarehe 22 Machi 2016, baada ya uchaguzi kuahirishwa mara kadhaa, madiwani walikutana Ukumbi wa Karimjee wakamchagua Isaya Mwita, diwani wa Vijibweni, kuwa meya wa Jiji. Februari 2021 halmashauri hiyo ya Jiji nayo ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo diwani wa Mabibo leo anaweza kuwania umeya wa Manispaa ya Ubungo.

Akiupata, atakuta mamlaka yake yana mipaka. Mkurugenzi wa manispaa, anayesimamia watumishi na fedha za kila siku, anateuliwa na Rais. Meya anaongoza baraza la madiwani na kamati ya fedha na uongozi. Hawezi kuamuru mfereji uchimbwe kesho. Anaweza kuita kikao kwa wakati, kuhakikisha hoja ya kata ndogo inasikika, kudai taarifa isomwe mwanzoni, kumwuliza mtaalamu maswali yaleyale manne, na kuwashawishi madiwani wa vyama tofauti wasaini kitu kimoja. Tazama orodha hiyo vizuri. Hakuna hata moja ambalo mwanaharakati wa mtaa hakulifanya akiwa hana cheo. Ndiyo sababu naamini kwamba meya bora wa mji huu wa pwani atatoka miongoni mwa watu hawa, na kwamba anayekuja na fedha na mabango pekee atakifikia kiti lakini kazi yake itamshinda.

Tuna wajibu wetu katika hili. Kwa kuwa kura ya umeya haiko mikononi mwetu, ya udiwani na ya uenyekiti wa mtaa ndizo tulizo nazo, na tunazitupa kwa fulana na kofia. Mgombea akija mlangoni kwako, msalimie vizuri, mkaribishe kiti, kisha umuulize: kikao gani cha mtaa ulihudhuria mwaka jana, ulisema nini, na kiliandikwa wapi? Aliyeifanya kazi hii ana majibu. Na wewe usisubiri uchaguzi. Mkutano ujao wa mtaa wako ukitangazwa, nenda, kaa mpaka mwisho, na uombe mapato na matumizi yasomwe kabla ya mengineyo.